KABLA YA KUULIZA MSHAHARA, ULIZA UTALALA WAPI

Na Karani mmoja wa Kinanie, Machakos

Mtu akisimama Kinanie asubuhi na mapema, kabla jua halijapata nguvu, huona mbele yake uwanda mpana wa Athi, kilima cha Lukenya kikiwa kimya kama mzee aliyekaa kitako, na ndege zikiinuka na kushuka upande wa Embakasi. Watoto wetu wamezizoea ndege hizo hata hawazitazami tena. Lakini vijana waliomaliza shule huzitazama sana, na kila mmoja hujiuliza moyoni, "Yangu itaruka lini?"

Siwalaumu. Udongo wetu ni mweusi, wa kunata wakati wa mvua na wa kupasuka wakati wa kiangazi, na mvua yenyewe haina ahadi. Viwanda vya Athi River vipo, na wengi hupata kibarua huko, lakini mlangoni hungoja watu wengi kuliko kazi zilizomo ndani. Tena faida ya ng'ambo tunaiona kwa macho. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu ya kuwa katika mwaka 2024 Wakenya walioko nchi za nje walileta nyumbani zaidi ya dola za Kimarekani milioni 4,900. Fedha hizo zimelipa karo, zimechimba visima na zimeezeka nyumba nyingi katika wilaya zetu.

Wala Mkamba si mgeni wa safari. Wazee wetu walikwenda pwani na misafara ya pembe za ndovu zamani za Kivoi, na wengine wakahamia huko wakakaa. Wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 Mutisya Munge wa Wamunyu alifika Tanganyika, akajifunza huko kazi ya kuchonga miti, akarudi nayo kwao. Na mpaka leo uchongaji huo unawalisha watu wengi. Basi kusafiri si kosa. Nataka kueleza jambo moja tu ambalo sisi huliacha nyuma tunapopanga safari, nami nililiacha nyuma vilevile, na nusura limgharimu dada yangu shamba lake. Jambo lenyewe ni malazi.

BARUA MBILI

Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, mwaka 2024, mpwa wangu alinijia nyumbani jioni. Ni kijana wa miaka ishirini na sita, mtoto wa dada yangu mkubwa. Alimaliza kidato cha nne, akafanya kibarua viwandani, na wakati ule alikuwa akiuza maji kwa mitungi kwa mkokoteni wa punda. Mkononi alikuwa na karatasi mbili, naye alizishika kwa uangalifu kama mtu abebaye mayai.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya kazi ya uaskari wa mlangoni katika mji wa Doha, nchi ya Qatar. Mshahara ulikuwa riyali 1,500 kwa mwezi, na mwajiri atatoa kitanda, chakula na basi la kwenda kazini. Karatasi ya pili ilikuwa ya kazi ya bohari Dubai. Mshahara dirhamu 2,000 kwa mwezi. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kuwa mfanyakazi atajitafutia nyumba na chakula mwenyewe.

Wakala wa kazi ya Dubai alitaka shilingi 180,000 kabla ya mwisho wa mwezi. Mpwa wangu hakuwa na fedha hizo, wala mimi. Lakini mama yake anayo robo eka aliyoachiwa na marehemu mumewe, na mnunuzi alikwisha kuja kuitazama mara mbili.

Kazi yangu mimi ni ukarani, na kila mwezi hupitisha mbele ya macho yangu orodha za mishahara. Basi nilifanya vile nilivyozoea. Nilichukua kalamu, nikazigeuza fedha zote mbili kuwa shilingi. Riyali ya Qatar imefungwa kwa dola, riyali 3.64 kwa dola moja. Na dirhamu kadhalika, dirhamu 3.67 kwa dola. Dola ilikuwa karibu shilingi 129. Kwa hiyo Doha ni kama shilingi 53,000, na Dubai ni kama shilingi 70,000. Nikapiga mstari chini ya 70,000, nikamwambia dada yangu, "Mama Nduku, hii ndiyo kazi. Robo eka atainunua tena kabla ya miaka miwili."

Dada yangu alinyamaza. Mama yetu, ambaye ana miaka themanini na ushee, alikuwa amekaa karibu na moto akichambua pojo. Hakuinua kichwa. Aliuliza tu, "Na huko atalala wapi?"

Tulicheka, Mungu atusamehe. Mpwa wangu akasema, "Nyanya, Dubai ni mji mkubwa, nyumba haziwezi kukosekana." Mama akajibu, "Sikuuliza kama nyumba ziko. Nimeuliza yeye atalala wapi."

HABARI ZA BABA

Hapo ndipo mama alipotueleza jambo ambalo hatukupata kulisikia, ingawa sote tulikua katika nyumba yake. Baba yetu alifanya kazi Nairobi miaka mingi. Mshahara wake ulikuwa mzuri kuliko wa wanaume wengi wa hapa, lakini fedha zilizofika nyumbani zilikuwa chache, na mama alikuwa na mashaka, kama wanawake wanavyokuwa na mashaka. Mwaka mmoja alifunga safari kwenda kumtazama. Akakuta wanaume wanne katika chumba kimoja, kila mmoja na kitanda chake na msumari wake wa kutundikia koti. Hapakuwa na mahali pa kupikia wala pa kukaa.

"Nilipoona chumba kile," mama alisema, "mashaka yaliniisha. Asiyekuwa na mafiga hula hotelini. Asiyekuwa na kiti hukaa kilabuni. Baba yenu hakuwa mpotevu. Ni kile chumba kilichokuwa kikila fedha."

Nadhani wasomaji wengi wana habari kama hizi katika jamaa zao. Nairobi ya wakati wa ukoloni ilimhesabu mfanyakazi Mwafrika kuwa ni kitanda kimoja, mtu asiyekuwa na mke wala watoto, ambaye kazi ikiisha atarudi kwao. Landi za reli za Muthurwa zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa namna hiyo, na barabara ya Landhies ingali na jina lao. Hatimaye sheria ilikiri kwamba malazi ni sehemu ya ujira. Hata leo Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake nyumba ya kufaa, ama amlipe juu ya mshahara fedha za kutosha kodi. Sisi makarani tunakijua sana kifungu hicho, na hakuna mwezi ambao hatuitazami posho yetu ya nyumba. Basi ni ajabu kubwa kwamba mtu ajuaye kudai posho ya nyumba Machakos huisahau anapokwenda Uarabuni.

HESABU ILIYOGEUKA

Usiku ule tulianza hesabu upya. Mpwa wangu alimpigia simu jirani yetu mmoja aliyekuwa Dubai mwaka wa tatu, naye alitueleza kila kitu bila kuficha. Alilipa dirhamu 700 kwa mwezi kwa kitanda kimoja, kile cha juu, katika chumba cha watu sita mtaani Deira. Chakula, hata kwa kubana, kilikula dirhamu 500. Kwa kupanda gari la moshi la mjini na basi alilipa dirhamu 230 kwa mwezi, na kama angekaa mbali zaidi angelipa 350.

Katika 2,000 tulitoa hizo zote. Zikabaki dirhamu 570, yaani kama shilingi 20,000. Kisha tukachukua zile riyali 1,500 za Doha, tukatoa riyali 200 za sabuni, simu na haja ndogondogo. Zikabaki riyali 1,300, yaani kama shilingi 46,000. Mshahara uliokuwa mdogo ukawa akiba kubwa, na ule uliokuwa mkubwa ukayeyuka. Nilitazama mstari niliokuwa nimeupiga chini ya 70,000, nikaona haya.

Jirani yetu alisema kuwa wako wanaokimbia kodi ya Dubai wakakaa Sharjah, ambako vyumba ni rahisi. Lakini barabara ya kutoka Sharjah kwenda Dubai husongamana magari kila asubuhi na kila jioni, hata mtu hupoteza saa mbili tatu za usingizi kila siku. Kodi uliyoiokoa unailipa kwa mwili wako.

Liko na jambo jingine ambalo halikuwa limetukia usiku ule. Mwezi wa Juni 2025 wakuu wa mji wa Dubai walianza msako wa vyumba vilivyokatwakatwa kwa mbao kinyume cha sheria, katika mitaa kama Al Rigga, Satwa na Al Barsha, kwa sababu vyumba vya namna hiyo ni hatari ya moto. Nia yao ilikuwa njema. Lakini mpangaji wa kitanda hana hati wala risiti. Jirani yetu aliambiwa jioni kwamba asubuhi asiwepo. Alilala siku nne kwa rafiki, sanduku likiwa chini ya ngazi. Basi ukipanga kitanda, uliza: je, jina langu limo katika mkataba wa nyumba hii?

KITANDA KILICHO MKONONI MWA TAJIRI

Msomaji asidhani kwamba nasema malazi ya mwajiri ni mema siku zote. La. Mpwa wangu mwenyewe aliliona tatizo lake mara moja. "Mjomba," alisema, "kitanda kikiwa cha tajiri, siku nikigombana naye nimekosa kazi na kitanda pamoja." Ni kweli kabisa. Ndiyo maana katika nchi za Ghuba, ambako kibali cha kukaa kwa miaka mingi kilifungwa kwa mwajiri mmoja, neno la malazi ni neno la uhuru pia.

Sheria zimebadilika kiasi. Qatar iliondoa katika mwaka 2020 sharti la mfanyakazi kupata ruhusa ya mwajiri wake ili ahamie kwa mwajiri mwingine. Tangu mwezi wa Machi 2021 nchi hiyo ina mshahara wa chini: riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyetoa malazi hana budi kuongeza riyali 500 za nyumba, na asiyetoa chakula huongeza riyali 300. Msomaji aone jambo hili vizuri. Serikali yao yenyewe imeuandika ujira katika sehemu tatu: kazi, kitanda na sahani. Nasi tuusome vivyo hivyo.

Kadhalika kanuni za Qatar za mwaka 2014 zinasema kwamba chumba cha wafanyakazi kisizidi watu wanne, na kila mtu apate nafasi isiyopungua mita 6 za mraba. Lakini sheria nyingine ya mwaka 2010 inakataza mabweni ya wafanyakazi katika mitaa ya watu wenye jamaa zao. Kwa hiyo mabweni mengi yako pembeni mwa mji, na mtu asiyekuwa na basi huona mji kwa mbali tu, kama sisi tunavyoziona taa za Nairobi usiku. Afadhali mtu alijue jambo hilo akiwa Kinanie kuliko kulijua amekwisha kufika.

Wala asiisahau hali ya hewa. Huko kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15 kazi za nje juani hukatazwa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa u nusu alasiri, kwa ukali wa joto. Askari wa zamu ya usiku hulala wakati huohuo wa joto. Ikiwa mtambo wa kupoza hewa chumbani umeharibika, hakuna usingizi, na askari asiyelala mchana atasinzia usiku na kufukuzwa.

WANAOLALA NDANI YA NYUMBA YA WENYEWE

Wako wengine ambao hawana uchaguzi wa malazi hata kidogo. Hao ni binti zetu waendao kazi za nyumbani. Kwao kazi na malazi ni mlango mmoja, na ufunguo uko kwa mwingine. Wengi hupata watu wema, wakarudi salama na fedha zao. Lakini sote tumesikia ya wale waliokosa bahati, na Serikali ya Kenya ilipata hata kuzuia safari hizo mwaka 2014 kabla ya kuziruhusu tena kwa masharti mapya.

Mzazi asione haya kuuliza. Je, binti atakuwa na chumba chake chenye mlango wa kufungwa kwa ndani? Atapumzika siku gani? Katika Qatar sheria ya mwaka 2017 ya watumishi wa nyumbani imeweka saa zisizozidi kumi za kazi kwa siku, na siku moja ya mapumziko kila juma. Simu yake itakaa kwa nani? Pasipoti je? Pasipoti ni mali ya mwenyewe, na mwajiri hana haki ya kuishika kinyume cha mapenzi yake. Binti aandike namba za pasipoti na anwani ya nyumba aendako, aziache kwa mama yake kabla ya kuondoka. Mtu ambaye jamaa zake hawajui mlango anaolala ni vigumu kumsaidia.

NAKO ULAYA?

Vijana wenye masomo ya uuguzi na ufundi huniuliza habari za Ulaya, kwa kuwa Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya wauguzi mwezi wa Julai 2021, na Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mapatano ya wafanyakazi mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024. Huko mtu hujichagulia nyumba kwa uhuru mkubwa zaidi, lakini uhuru huo una bei.

Katika Ujerumani nyumba ina kodi mbili. Iko "kodi baridi", yaani ya vyumba vitupu. Na iko "kodi moto", ambayo ndani yake mna kupasha nyumba joto, maji na gharama nyingine. Mgeni aonaye tangazo la kodi baridi hufurahi mapema. Zaidi ya hapo mwenye nyumba aweza kudai amana inayofika kodi baridi ya miezi mitatu. Tena mtu akihamia nyumba yapasa ajiandikishe katika ofisi ya mji kwa muda wa majuma mawili, naye aende na hati ya mwenye nyumba. Maana yake ni kwamba kitanda cha kujibanza kwa rafiki, kisicho na hati, hakimfai mtu huko, maana bila andikisho hilo mambo mengi ya ofisini humkwamia.

Uingereza nako milango hubadilika. Tangu tarehe 11 Machi 2024 watunzaji wa wazee na wagonjwa walioomba ruhusa upya hawakuruhusiwa kuja na wake, waume au watoto; na tarehe 22 Julai 2025 njia ya kuajiri watunzaji wapya kutoka ng'ambo ilifungwa. Basi wakala akuahidiye leo kazi hiyo pamoja na nyumba ya jamaa nzima, mwulize ameisoma sheria ya mwaka gani.

ROBO EKA

Narudi kwa mpwa wangu. Ijumaa iliyofuata nilimchukua tukaenda mjini Machakos kumwona afisa wa kazi. Watu wengi hawajui kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 83, inataka mkataba wa kazi ya nchi za nje uandikwe kwa namna iliyowekwa, utiwe sahihi na pande zote, kisha ushuhudiwe na afisa wa kazi. Afisa naye hana ruhusa ya kuushuhudia mpaka aridhike kwamba mfanyakazi ameuelewa na hakudanganywa. Zaidi ya hayo iko Mamlaka ya Taifa ya Ajira, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, yenye orodha ya mawakala walioandikishwa.

Tulimpigia simu yule wakala wa Dubai, tukamwomba aandike katika mkataba neno la malazi na alete karatasi zake kwa afisa. Alijibu kwamba nyumba si neno, watu hupata hukohuko, na kwamba kama tunataka maneno mengi kuna wengine mia wanaongoja. Hatukumsikia tena. Mkataba wa Doha ulikuwa na kifungu cha malazi, na haukutaka shilingi 180,000. Sheria ya Qatar yenyewe inamkataza wakala kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi.

Lakini njiani kurudi mpwa wangu alikuwa amekasirika. Alisema, "Mjomba, wewe una kazi ya Serikali na nyumba ya matofali. Kwako ni rahisi kusubiri na kuuliza maswali. Mimi nina punda." Sikuwa na jibu la haraka, kwa maana alisema kweli. Mwenye njaa haoni herufi ndogo. Nilimwambia tu, "Ndiyo sababu nikakusomea mimi." Tukafika Kinanie bila kusema neno jingine.

Usiku ule dada yangu alimwambia mnunuzi asirudi. Alisema, "Mtoto akienda kutafuta pa kulala kwa watu, mimi nisiuze pa kulala kwake."

Naomba wasomaji walifikiri neno hilo, kwa sababu kila msafiri ana nyumba mbili: kitanda cha huko, na nyumba ya huku. Wengi hubana cha huko ili wajenge huku, na huku nako hupoteza kwa kukosa kuuliza. Mwezi wa Oktoba 2023, katika Mavoko yetu hii, nyumba nyingi zilibomolewa baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ile ya zaidi ya eka 4,000 ni mali ya kiwanda cha saruji cha East African Portland. Baadhi ya nyumba zile zilikuwa za ghorofa na madirisha ya vioo, akiba ya miaka mingi. Wenyewe walikuwa na karatasi walizouziwa. Basi aliyeko ng'ambo asinunue kiwanja kwa picha ya simu. Amtume mtu mwaminifu aitafute hati katika ofisi ya ardhi, na wakili aisome, kabla ya kutoa hata shilingi moja.

MASWALI YA KUANDIKA KARATASINI

Kwa faida ya wale wanaofikiri safari, nayaandika hapa maswali ambayo sasa humpa kila kijana anayenijia. Ayakate ayatie mfukoni.

1. Malazi ni ya mwajiri au ni yangu? Yameandikwa katika mkataba, au ni maneno ya mdomo tu?

2. Ikiwa ni yangu, kitanda ni bei gani katika mtaa ulio karibu na kazi, na jina langu litaandikwa katika hati ya nyumba?

3. Tutalala wangapi chumbani? Kuna jiko? Maji na umeme hulipwa na nani?

4. Kutoka kitandani mpaka kazini ni mwendo wa saa ngapi, na nauli ni ya nani?

5. Kazi ikikoma, nitaruhusiwa kukaa siku ngapi kabla ya kutoka?

6. Nikiondoa kodi, chakula na nauli, hubaki kiasi gani? Hicho ndicho mshahara wangu wa kweli.

7. Ni nani nyumbani anayejua anwani yangu na namba ya ubalozi wa Kenya?

BARUA KUTOKA DOHA

Mpwa wangu aliondoka mwezi wa Novemba 2024. Nisingependa msomaji adhani kwamba mambo yote yalikuwa mema. Alipofika alikuta chumba cha watu sita, si wanne. Mtambo wa hewa ulikuwa ukiguruma usiku kucha kama kinu cha kusaga. Alikwenda kwa msimamizi na mkataba wake mkononi, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na baada ya miezi miwili alihamishiwa chumba kingine. Ameniandikia kwamba wale wenzake ambao mikataba yao haikuwa na neno la malazi walibaki palepale, kwani hawakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Anasema bweni liko mbali na mji, na siku ya Ijumaa, siku yake ya mapumziko, husafiri saa nzima ili akae tu ufukoni karibu na watu wanaotembea na watoto wao. Anasema hapana mti karibu na dirisha lake, na hilo humsumbua kuliko joto. Lakini kila mwezi fedha hufika. Kwanza alimaliza deni la nauli. Kisha alimnunulia mama yake tangi la maji, hata punda amepumzika. Sasa ameagiza miche kumi na miwili ya miembe ipandwe katika ile robo eka, na kila Jumapili huuliza ni mingapi imeshika.

Mama yetu alisomewa barua hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tena swali lake lilelile, kwa namna nyingine: "Na mkataba wake ukiisha, atarudi kulala wapi?" Dada yangu akamwonyesha shamba kwa mkono.

Wasomaji walioko ng'ambo, au waliorudi, na watuandikie wapi walikaa, walilipa nini, na walijutia nini, ili wanaofuata wasiende gizani.